Sabuni ya kufulia ya nyumbani: dalili, sababu na marekebisho

Wanaojitengenezea sabuni ya kufulia hulalamikia mambo yaleyale. Nguo nyeupe zimegeuka kijivu. Taulo hazinyonyi maji. Sabuni ya maji imeganda, ya unga imeshikana mabonge, na mtoto anajikuna. Mara nyingi mtu hukimbilia kugusa mapishi: anaongeza sabuni, anaongeza magadi, anatia siki, na hali inazidi kuharibika. Mahali pa kuanzia ni kwenye maji. Sabuni halisi, ile inayotokana na mafuta na alkali, ikikutana na kalsiamu au magnesiamu iliyomo ndani ya maji magumu hugeuka utando usioyeyuka. Sabuni nyingi za dukani zina visafishaji vya viwandani visivyodhurika kirahisi namna hiyo. Ndiyo maana maji yaleyale hayakukusumbua zamani na leo yanakusumbua.

Mapishi ninayoyazungumzia hapa ni mawili. Ya kwanza ni ya unga: sabuni ya mche iliyokwaruzwa ikachanganywa na magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti) kwa uzito sawa. Ya pili ni ya maji: gramu 100 za sabuni na gramu 100 za magadi hayo kwa lita 4 hivi za maji. Mwishoni ipo sehemu ya wanaopika sabuni yenyewe kwa kostiki soda, na hiyo naomba isomwe kwa utulivu kuliko zote.

Kabla ya lolote, pima maji

Chukua chupa safi yenye kifuniko, ijaze theluthi moja kwa maji unayofulia, tia chembe chache za sabuni ya mche (si sabuni ya vyombo), funga, tikisa kwa sekunde 10. Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki karibu maangavu, maji yako ni laini. Povu likifa upesi, na maji yakawa na ukungu mweupe wenye vipande vidogo vinavyoelea, ni magumu. Rudia kwa maji ya mvua ili uone tofauti kwa macho yako.

Kwa vipimo vya maabara, maji yenye zaidi ya miligramu 120 za kalsiamu kaboneti kwa lita huhesabiwa kuwa magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Sasa angalia hesabu hii: ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 200 kwa lita humeza takriban gramu 24 za sabuni kabla sabuni haijaanza kugusa uchafu. Sabuni iliyomezwa haiendi popote. Inabaki ndani ya ndoo ikiwa utando, na utando unapenda kushika nguo.

Nguo nyeupe zinageuka kijivu au njano, na ukizishika ni kama zina nta

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu zake ni nyingi. Zipitie kwa mpangilio huu.

1. Maji magumu. Umeshapima. Dawa yake si kuongeza sabuni, ni kutanguliza magadi. Tia kijiko kimoja cha chakula cha magadi ya kufulia kwenye ndoo ya lita 20, koroga yayeyuke yote, ngoja dakika 5 hadi 10, ndipo utie sabuni. Magadi huikamata kalsiamu kabla sabuni haijafika. Ukivitia kwa pamoja, vitu hivyo viwili vinashindana na sabuni hupoteza sehemu yake. Njia nyingine ni kuchemsha maji, yakapoa na kutulia, kisha ukamimina yaliyo juu na kuyaacha mabaki meupe chini; hii huondoa sehemu ya ugumu tu, si wote. Ukiweza kupata maji ya mvua, yatumie kwa nguo nyeupe.

2. Sabuni nyingi, kusuuza kidogo. Chukua nguo safi iliyokauka, iloweke kwenye maji ya moto yasiyo na kitu kingine, ikande kwa mkono. Yakitoka povu au yakawa na rangi ya maziwa, umekuwa ukivaa sabuni. Punguza kipimo hadi nusu na usuuze mara mbili.

3. Maji baridi. Sabuni ya mafuta ya mawese au ya wanyama haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi. Chembe zake hujibanza kwenye mikunjo na mishono. Yeyusha kipimo chako kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, kisha mimina kwenye ndoo au mashine.

4. Umetumia sabuni ya kuogea. Sabuni nyingi za kuogea zinazotengenezwa kwa mkono huachiwa mafuta ya ziada kwa makusudi, mara nyingi asilimia 5 au zaidi, ili zisikaushe ngozi. Ngozi huyapenda mafuta hayo, lakini kwenye shuka hukaa, huchacha, na huacha rangi ya njano. Sabuni ya kufulia inatakiwa iwe na mafuta ya ziada asilimia 0 hadi 1 hivi.

5. Siki imechanganywa na sabuni. Mapishi mengi yanayosambaa yanasema uchanganye sabuni, magadi na siki kwenye ndoo moja. Usifanye hivyo. Asidi huivunja sabuni ikarudi kuwa mafuta, na papo hapo huyaua magadi. Utaona vipande vyeupe vinavyoelea vyenye utelezi. Hayo ni mafuta, na yataingia kwenye nguo. Siki ina nafasi yake, nayo ni kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, sabuni ikishatoka.

6. Chuma kwenye maji. Kama njano yake inaelekea kahawia, jaza glasi maji na uyaache wazi usiku kucha. Ukikuta mashapo mekundu chini, ni chuma. Hapo usitumie blichi ya klorini, kwa sababu itaigeuza chuma kuwa kutu juu ya nguo na doa litazidi. Loweka nguo kwenye maji ya vuguvugu yenye vijiko 2 vya asidi ya sitriki kwa lita 5, kisha suuza. Kama chanzo chako cha maji kina chuma nyingi, unahitaji kichujio, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa maji.

Kuondoa utando ambao umeshakaa kuna utaratibu wake, na ni wa pamba nyeupe tu, maana nguo za rangi zitatoa rangi. Jaza beseni maji ya moto, nyuzi 60 hivi, tia vijiko 3 vya chakula vya magadi ya kufulia kwa kila lita 10, na usitie sabuni. Tumbukiza nguo safi, geuza kila baada ya muda, na uziache mpaka maji yapoe kabisa. Maji yatakuwa ya kijivu. Ndio utando unatoka. Kamua, suuza mara mbili kwa maji mengi, na kwenye maji ya tatu tia robo kikombe cha siki. Kama baada ya mizunguko miwili rangi ya kijivu haijapungua, si utando tena. Ni rangi iliyotoka kwenye nguo nyingine, na hapo pakaboneti ya sodiamu (blichi ya unga inayotumia oksijeni, si klorini) itakusaidia zaidi: kijiko kimoja hadi viwili kwa lita 5 za maji yenye joto la nyuzi 40 hadi 60, kwa saa chache.

ONYO: Nguo zilizo na blichi ya klorini, hata zile ulizoloweka jana, zisuuzwe vizuri kabla siki, limau au asidi yoyote haijakaribia. Klorini na asidi hutoa gesi ya sumu. Blichi na amonia nazo ni hivyohivyo. Ukisikia harufu kali inayochoma pua na koo, toka nje kwanza. Usirudi kumwaga.

Taulo na nepi za kitambaa hazinyonyi maji

Chanzo ni kilekile, utando. Dondoshea tone la maji juu ya taulo kavu: likikaa juu kama shanga badala ya kuzama, tatizo ni hilo. Fuata utaratibu wa kuondoa utando uliotajwa hapo juu. Kwa taulo za rangi, tumia maji ya vuguvugu na nusu ya magadi. Ukiwa na maji magumu sana, nepi za kitambaa zifuliwe kwa sabuni ya aina nyingine. Sabuni ya mche itakushinda, na mtoto ndiye atakayeumia.

Papo hapo, nguo za kazi zilizotengenezwa zisishike moto, kama zile za wachomeleaji vyuma, na nguo za kulalia za watoto zenye kinga hiyo, zisifuliwe kwa sabuni halisi hata kidogo. Utando wake huungua na huifuta kinga.

Uchafu na madoa hayatoki

Angalia kwanza kama ulichotumia ni magadi ya kufulia kweli. Wengi hutia soda ya kuokea (sodiamu baikaboneti) wakidhani ni kitu kimoja. Karatasi ya kupima pH itakuambia: myeyusho wa soda ya kuokea husoma 8 na kitu, wa magadi ya kufulia husoma karibu 11. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mafuta na jasho. Kama soda ya kuokea ndiyo uliyonayo, unaweza kuibadilisha. Itandaze kwenye trei isiyo ya alumini, itie kwenye oveni yenye nyuzi 200 kwa saa moja, ukiikoroga katikati. Hutoa mvuke na kaboni dayoksaidi, na gramu 100 hubaki kuwa gramu 63 hivi. Pima kwa mizani. Kama uzito haujashuka kiasi hicho, haijawa tayari.

Sababu ya pili ni kukosa kuloweka. Sabuni ya nyumbani haina vimeng'enya, wala viongeza mwanga vinavyoifanya nguo nyeupe ionekane nyeupe kuliko ilivyo. Inahitaji muda. Nusu saa ya kuloweka kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kufua hubadilisha matokeo zaidi kuliko kijiko chochote cha ziada.

Halafu kuna aina ya doa. Damu, maziwa na yai huanza na maji baridi, kwa sababu joto huvipika ndani ya uzi. Mafuta yapake sabuni ya mche moja kwa moja, isugue, iache dakika 15, kisha maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia. Chai na kahawa huitikia pakaboneti. Manjano yana tabia ya kushtua: yakiguswa na sabuni au magadi hugeuka mekundu. Usihangaike, ni rangi yake inavyoitikia alkali, na itarudi njano ukisuuza kwa maji yenye siki kidogo. Baada ya hapo anika juani. Jua ndilo linalofifisha rangi hiyo kuliko kitu kingine.

Usitie boraksi ili kuipa sabuni nguvu. Najua iko kwenye mapishi mengi. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni, na kazi yake magadi huifanya vizuri. Kwa maoni yangu haina sababu ya kuwa kwenye nyumba yenye watoto.

Hakuna povu

Kwenye maji laini, povu kidogo ni kawaida, hasa ukiwa na magadi mengi kuliko sabuni. Povu si kipimo cha usafi. Lakini kama lilikuwepo na likafa katikati ya kufua, sabuni imekwisha kazi kwa sababu uchafu au ugumu wa maji umeimeza. Badilisha maji badala ya kuongeza sabuni kwenye maji yaleyale.

Sabuni ya maji imeganda, au imejitenga

Kuganda peke yake si ugonjwa. Sabuni ya mche iliyotokana na mawese au mafuta ya wanyama ikipoa hutengeneza gundi nzito, na inafua vilevile. Tikisa au koroga, iongezee maji ya moto mpaka imiminike. Ukitaka ibaki nyepesi, punguza sabuni hadi gramu 60 au 70 kwa lita 4, au tumia sabuni ya mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi.

Kujitenga ni habari nyingine. Ukiona maji maangavu chini na tabaka jeupe la madongomadongo juu, mara nyingi magadi au chumvi imezidi. Chumvi za aina hiyo huisukuma sabuni itoke kwenye maji. Watengenezaji sabuni wa zamani walitumia hila hiyo kwa makusudi ili kuitenga na maji machafu. Pasha moto, ongeza lita moja ya maji, koroga. Ikijitenga tena, mapishi yajayo punguza magadi kwa theluthi na uyatie kando kwenye maji ya kufulia. Kama kilichoelea juu ni mafuta ya manjano yenye utelezi, angalia kama kuna asidi yoyote iliyoingia: siki, maji ya limau, hata maganda yake. Hiyo haitengenezeki. Imwage.

Ukiichemsha sabuni hii usitumie sufuria ya alumini. Magadi huila, sufuria inakuwa nyeusi, na vipande vyake huingia kwenye sabuni. Tumia chuma kisichoshika kutu au enameli isiyobanduka.

Sabuni ya unga imeshikana, au mtungi umevimba

Kushikana husababishwa na sabuni iliyokwaruzwa ikiwa bado na unyevu. Itandaze kwenye karatasi siku chache mpaka ivunjike kwa vidole, ndipo uchanganye. Magadi yenyewe pia hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo funga mtungi vizuri na usitumie kijiko chenye maji. Mabonge yaliyokwishatokea yaponde tu; hayajaharibika.

Ila kufunga vizuri kuna masharti. Kama unga wako una asidi ya sitriki pamoja na soda yoyote, tone la unyevu linatosha kuanzisha gesi ya kaboni dayoksaidi. Kama una pakaboneti, unyevu hutoa oksijeni. Mtungi wa kioo uliofungwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Ukikuta kifuniko kimevimba, usiuinamie. Upeleke nje, geuza uso pembeni, ufunike kwa kitambaa kinene, legeza kifuniko polepole. Baada ya hapo asidi ikae peke yake na pakaboneti ikae peke yake, kwenye chombo cha plastiki kikavu, na uichanganye siku ya kufua. Myeyusho wa pakaboneti usihifadhiwe kabisa, hata kwenye chupa ya kunyunyizia.

Harufu mbaya

Tenganisha kwanza: inanuka sabuni au inanuka nguo?

Sabuni ya maji inayonuka uvundo karibu daima imetiwa kitu kinachooza, kama maganda ya machungwa, majani, au maji ya tunda la Sapindus, lile ambalo ganda lake hutoa povu. Maji ya tunda hilo hayana kihifadhi chochote. Kwenye jokofu yatavumilia wiki moja hivi, nje ya jokofu siku chache. Gandisha kwa vipimo vidogo kama unataka yakae. Ukiona ukungu juu ya sabuni yoyote, usiuchote na kuendelea. Mwaga, osha chombo kwa maji ya moto, kikaushe. Harufu ya mafuta yaliyochacha pamoja na madoa ya rangi ya chungwa kwenye mche maana yake mafuta ya ziada yameharibika. Sabuni hiyo inafaa kusugulia sakafu, si nguo.

Nguo inayonuka ilhali imefuliwa ina utando ulioshika jasho, au ilikawia kukauka. Ondoa utando, kisha anika penye upepo. Kuongeza mafuta ya manukato hakuondoi chochote, na mafuta hayo ndiyo chanzo kikuu cha dalili inayofuata.

Ngozi inawasha

Acha kuitumia sabuni hiyo mara moja kwa nguo za mwenye kuwashwa, kisha tafuta sababu kwa mpangilio huu: mabaki ya sabuni na magadi (suuza mara mbili, ya mwisho iwe na siki kidogo), mafuta ya manukato (tengeneza nyingine isiyo na harufu), kisha sabuni yenye alkali iliyozidi. Hii ya mwisho ipime: lowesha sabuni, gusisha karatasi ya pH. Sabuni nzuri husoma 9 hadi 10 na kidogo. Ikipita 11 na hujaichanganya na magadi, usiitumie. Usiionje kwa ulimi kama baadhi ya watu wanavyoshauri.

Wanaofua kwa mkono wakumbuke kwamba magadi hukausha na kupasua ngozi hata bila mzio. Vaa glavu. Malengelenge, uso kuvimba, vidonda vinavyotoa maji, au upele wa mtoto mchanga usiopungua baada ya siku mbili tatu ni mambo ya daktari. Kupumua kwa shida ni dharura, usingoje.

Rangi inachuja, sufu na hariri zinaharibika

Sufu na hariri ni protini, na alkali huila protini. Hakuna kipimo salama cha magadi kwa vitambaa hivyo. Vitafutie sabuni yao. Rangi ikichuja, kwanza acha maji ya moto, kisha punguza magadi, kisha usiloweke zaidi ya dakika 10. Jaribu nguo mpya kwa kusugua kitambaa cheupe chenye sabuni upande wa ndani wa mshono: kikipata rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake.

Mashine ya kufulia: utando, povu, maji hayatoki

Anza na kitabu cha mashine. Watengenezaji wengine hukataza sabuni za nyumbani, na dhamana inaweza kupotea. Mashine zinazotumia maji machache ndizo zinazoumia haraka, kwa kuwa maji hayo hayatoshi kubeba utando.

Vuta droo ya sabuni. Ikiwa na nta nyeupe au kijivu, mabomba ya ndani yana hiyohiyo. Ioshe kwa maji ya moto na brashi, safisha kichujio cha pampu (zima na chomoa umeme kwanza, weka beseni chini), kisha endesha mzunguko mtupu wa nyuzi 90 ukiwa na vijiko 4 vya pakaboneti. Magamba meupe magumu ni chokaa, na hayo huondoka kwa asidi ya sitriki kwenye mzunguko mwingine, kamwe si mzunguko mmoja na magadi. Usiifanye hii ya asidi kila wiki. Mpira wa mlango haupendi. Kuanzia hapo tia sabuni iliyokwisha kuyeyushwa, vijiko 2 vya unga vikitosha kwa mzigo wa kawaida.

Povu likijaa, simamisha, mwaga maji, endesha kusuuza tu. Mwite fundi na uache kuigusa mashine kama maji hayatoki hata baada ya kusafisha kichujio, kama kuna harufu ya kuungua, kama inavujia karibu na waya au soketi, au kama ngoma imeanza kuyumba na kugonga. Ngoma nyingi zinashikiliwa na kipande cha alumini kwa nyuma, na alkali ya miaka humung'unya chuma hicho. Huwezi kukiona bila kufungua.

Kwa wanaopika sabuni kwa kostiki soda

Soma lebo kabla ya kufungua kopo. Magadi ya kufulia ni sodiamu kaboneti. Soda ya kuokea ni sodiamu baikaboneti. Kostiki ni sodiamu haidroksaidi, na hiyo hutoboa ngozi na kupofusha macho. Zote tatu ni nyeupe. Kostiki isihamishwe kamwe kwenye chupa ya maji au kopo la chakula.

Mche unabomoka, una vidonge vyeupe ndani au matone ya maji yanayochoma: kostiki imezidi. Mara nyingi ni kwa sababu mafuta yamebadilishwa bila kubadilisha hesabu. Mafuta ya nazi gramu 1000 huhitaji takriban gramu 183 za kostiki. Mafuta ya zeituni kiasi hichohicho huhitaji 135 hivi. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili na kuacha kipimo kilekile, karibu gramu 48 za kostiki zinabaki hai ndani ya sabuni. Kupima kwa vikombe badala ya mizani huleta kosa hilohilo. Ikiwa unajua ulikosea kiasi gani, kwaruza sabuni ukiwa na glavu, iyeyushe kwa moto mdogo, ongeza mafuta yanayopungua, koroga mpaka yashikane, upime pH tena ikishapoa. Kama hujui ulichotia, usijaribu kubahatisha. Piga simu kwa mamlaka inayoshughulikia taka za kemikali mahali ulipo na uulize namna ya kuitupa.

Unga mweupe wa juujuu pekee, mche ukiwa imara, ni kaboneti inayotokana na hewa. Ufute.

Mafuta yameelea juu na hayashikani: huenda hayajakorogwa vya kutosha, yamepoa mno, au kostiki imepungua au ni ya zamani na imenyonya unyevu. Endelea kukoroga kwa moto mdogo kabla ya kuamua kuongeza chochote.

Mchanganyiko unapanda na kufurika: toa kwenye moto, koroga, usiufunike. Chombo kijazwe nusu tu. Kostiki hutiwa kwenye maji baridi kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayovumilia joto. Alumini hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na kioo huliwa taratibu kisha hupasuka siku usiyotarajia. Miwani ya kinga, glavu ndefu, dirisha wazi, watoto na wanyama nje ya chumba.

Ikirukia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza. Usipake siki, kwani inapoizimua kostiki hutoa joto na kukuchelewesha. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, mwagilia maji kwa muda huohuo, mtu mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Aliyemeza asitapishwe. Msuuze kinywa, mpeleke hospitali hapohapo, na uchukue kopo lenye lebo uende nalo.